Aliyekalia Pikipiki ya Baba

Kambi ya Mgodi, Kitwe
8 Februari 1953

Kwa Dada Ferista,

Salamu zangu zikufikie wewe, mama, Shangazi Ketrina na mdogo wetu Jenista. Sisi tupo. Aida alijifungua mtoto wa kike wiki ya Krismasi, tumemwita Anastazia. Ananyonya vizuri na analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Mvua huku ni kila siku, na chumba chetu kinavuja palepale kilipovuja mwaka jana. Mwambie mama dawa ya mguu wake naitafuta.

Hayo yametosha. Jumapili iliyopita nilikutana na Fanueli, yule mtoto wa jirani zetu, ameshuka na lori kutoka huko kuja kutafuta kazi. Hata kuniamkia hajamaliza, akasema nyumbani mmeitoa pikipiki ya mzee. Nikadhani ananitania. Akaapa. Anasema umekata kamba ya mlango wa ghala, na mtu mgeni ameilaza pikipiki ya baba juu ya mkeka uani, ameipasua tumbo, vyuma ameanika kama dagaa, na kuku wanapita katikati.

Dada, nani amekupa ruhusa?

Siku baba anakata roho wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo, na wewe ndiye uliyeniandikia maneno yake. Alikataa kurithiwa kwa mkuki au kwa kigoda, kama nyumba nyingine za ukoo wetu zinavyofanya. Alisema, "Atakayeikalia pikipiki yangu na ikawaka, huyo ndiye mimi." Wazee walisikia. Na unajua kwetu anayerithi jina anarithi na mtu mwenyewe. Sisi watoto tutamwita baba. Yeye atampokea mgeni, atapokea posa, atamwonyesha kila mmoja pa kujenga nyumba. Mwanamume aliyezaliwa na baba ni mimi peke yangu. Pikipiki ile ni yangu kuiwasha, hata ikikaa ghalani mpaka iote uyoga.

Rudisheni vyuma ndani. Mfukuzeni huyo mtu. Nitakuja mwenyewe.

Ndugu yako,
Nikodemo Sinkala


Tunduma
20 Machi 1953

Mdogo wangu Nikodemo,

Tumepokea barua, na tumefurahi kwa Anastazia. Mama anauliza kama mtoto ana masikio ya baba, nimemwambia ana sauti yake. Mahindi yamesimama vizuri, maharage yameliwa na mvua. Shangazi Ketrina sasa haoni hata mwanga wa mlangoni, anatujua kwa nyayo. Ukija usimnyatie, atakupiga na mkongojo.

Sasa nami nisikilize, maana umeandika kama kapitao, msimamizi wa mgodini, anayeita watu wa zamu.

Ghala lilikuwa linaanguka. Mchwa walikuwa wamekula nguzo ya nyuma. Ningeacha wiki moja zaidi ungekuja kurithi kifusi. Pikipiki niliikuta imelala ubavu. Panya walikuwa wamezaa chini ya kiti, nyigu wamejenga udongo ndani ya bomba la moshi, na mipira imepasuka kama visigino vya mama. Unakumbuka ilivyokuwa, ile pikipiki fupi yenye ubao wa kuwekea miguu, baba ameketi wima kama yuko kanisani, na watu wa barabarani wanajua ni yeye kabla hajatokea kwenye kona. Tangu petroli ilipoadimika wakati wa vita haijatoa sauti.

Baba ana mwaka wa nne kaburini na matanga yake hayajaanuliwa. Mama bado amevaa kaniki ileile nyeusi. Jenista ameposwa na watu wa Ileje, watu wazuri. Wamekuja mara mbili na mara zote mbili wamerudi, kwa sababu hapana mwanamume wa nyumba wa kupokea salamu yao. Baba wadogo wote wamekufa. Mimi nikisema, wanatazama mlangoni kuona nani anakuja nyuma yangu. Wazee wa ukoo wamechoka. Wanataka jina linyanyuliwe mwezi wa nane, ulezi ukishavunwa.

Ndiyo maana nikamwita fundi, ili ukifika uikute tayari. Jina lake Watson, kijana wa upande wa Isoka, alijifunza magari jeshini, huko Burma. Hanywi pombe. Kila akimaliza neno anaongeza "mukwai", neno lao la heshima, hata akiongea na mbuzi. Anasema pistoni imeshikamana na silinda kama ukoko na chungu. Kila asubuhi anaimiminia mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na mafuta ya taa, kisha anakaa anaitazama. Hapigi nyundo.

Anahitaji plagi mpya. Tafuta huko mjini. Na uje nayo wewe mwenyewe. Umekuwa ukisema "nitakuja" tangu wiki ya mazishi.

Dada yako,
Ferista


Kambi ya Mgodi, Kitwe
3 Mei 1953

Kwa Dada Ferista,

Salamu. Anastazia ameota jino. Aida anakusalimu, na anashukuru kwa ulezi, tumeunywa uji. Siku hizi sishuki chini ya ardhi. Wamenipa ufagio, nafagia uwanja wa mashine. Usiniulize kwa nini.

Plagi hiyo hapo, nimempa dereva wa lori, imo ndani ya soksi. Lakini nimesoma barua yako nikashindwa kula. Mafuta ya nyonyo, dada? Hayo ni ya kuwaharisha watoto. Mimi nimekaa kando ya mashine za Wazungu miaka tisa, sijaona hata moja ikinyweshwa mafuta ya nyonyo. Huyo Mburma wako anakula ugali wenu na kukuchekeni.

Basi, kwa kuwa mmekwisha anza, sikilizeni masharti yangu. Tangi asilisafishe kwa mchanga. Kabureta asiichokonoe kwa waya, atapanua tundu. Na hili ndilo kubwa: asiikalie mtu. Fundi aisukume, aizungushe, aipige busu akitaka, lakini makalio yake yasiguse kile kiti. Wala wewe, wala mtoto, wala kuku. Kiti ni changu.

Agosti nitakuja.

Nikodemo


Tunduma
12 Julai 1953

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mguu wa mama umepungua uvimbe. Baridi imeshika, asubuhi nyasi ni nyeupe. Ulezi umekuwa mwingi kuliko mwaka jana na tumeanza kutenga wa pombe.

Plagi ilifika, soksi amechukua Shangazi. Watson nilimsomea maneno yako yote, naye akasikiliza amesimama, kofia mkononi. Akasema hajui kama nyonyo linafaa kwa mashine za Wazungu wa Kitwe, ila hii ya Tunduma imekubali, mukwai. Kweli imekubali. Pistoni ilisogea sisi wenyewe tunaona. Tangi ametia vipande vya mnyororo na mafuta ya taa, akalifunga kwa tambara, akawapa wanawake waliokuja kutwanga walitikise kwa zamu, na kutu yote ikatoka kama uji wa mtama. Kabureta ameisafisha kwa unywele wa mkia wa ng'ombe. Mipira ameijaza kamba za katani, maana ya saizi ile haipo hata Mbeya.

Tatizo ni kuwaka. Jino la chuma cha kuipigia teke iwake limelika, kwa hiyo ni lazima isukumwe mteremkoni na mtu airukie. Nikamwambia sharti lako. Akanitazama kama anataka kulia. Sasa anaisukuma, inakohoa mara moja, inamburuta mpaka kwenye shamba langu, inazima. Kila siku. Watu wanakuja na vigoda kutazama. Jana ilibweka mara tatu mfululizo, na Shangazi akatoka nje akauliza nani amefika.

Siku imewekwa: Jumamosi tarehe 15 Agosti. Watu wa Ileje wameambiwa waje siku hiyohiyo na posa yao. Pombe itapikwa. Shangazi ndiye atakayemwaga unga kichwani pa mrithi na kumwita kwa jina, kama alivyofanya kwa babu yetu na kwa wengine wote, hata kama sasa haoni.

Andika neno moja tu. Unakuja au huji?

Ferista


Kambi ya Mgodi, Kitwe
2 Agosti 1953

Kwa Dada Ferista,

Salamu kwa wote. Sitaweza. Ruhusa hapana. Ahirisheni mpaka Krismasi. Pombe inyweni, hiyo haina neno, lakini jina lisiguswe. Usiniulize tena ruhusa imekataliwa na nani, wewe hujawahi kufanya kazi ya mtu.

Nikodemo


Tunduma
30 Agosti 1953

Mdogo wangu,

Sisi tupo, mama mzima. Barua yako ya tarehe 2 nimeipokea jana. Dereva anasema lori lilikatika ekseli njiani. Siwezi kumlaumu dereva. Mtu anayetaka kusema hapana huisema mapema.

Nakueleza yaliyotokea, usije ukayasikia kwa Fanueli.

Siku ile watu walijaa mpaka nje ya uzio. Wazee walikaa upande wa ghala, watu wa Ileje upande wa jiko, Jenista amefunikwa ndani. Tulisubiri lori la kutoka huko. Likapita. Likapita la pili. Walioshuka ni Mhindi mmoja na magunia. Mzee Damiano, mkubwa wa ukoo, akaanza kusema watu wa Ileje watafute pa kulala. Mshenga wao akasimama na kukung'uta nguo. Akasema hawatakuja mara ya nne.

Watson alikuwa kule juu ya mteremko na pikipiki, anaiandaa kwa ajili yako. Yeye hakujua la lori. Akaisukuma kama kila siku. Safari hii ilishika. Ilishika kwa nguvu, ikaanza kumkimbia, na mbele yake kulikuwa na watoto wa watu barabarani. Ikabidi airukie ili aukamate usukani. Akaikalia. Akateremka nayo mpaka uani, moshi wa bluu nyuma yake, ameketi wima kwa woga.

Shangazi alisikia. Hakuna sauti anayoijua kuliko ile. Akanyanyuka bila mkongojo, bakuli mkononi, akaenda mpaka ilipo sauti, akammwagia unga kichwani na mabegani. Akamwita kwa jina la baba, akasema, "Yonasi, umekawia."

Wanawake waliokuwa mbali wakapiga vigelegele. Walio karibu wakatazamana. Watson amekaa juu ya pikipiki, mweupe wote, haelewi kwa nini watu wamepiga magoti.

Wazee waliingia ghalani kuzozana mpaka jua likaingia. Wengine walisema afutwe. Mzee Damiano akauliza nani amewahi kuona unga wa jina unafutwa, na ukifutwa mtu anabaki nani. Pikipiki ilikaliwa, ikawaka, unga ukamwagwa, jina likatajwa. Maneno ya baba yalikuwa hayo, hayakuwa na lingine.

Kwa hiyo Watson ni baba yetu.

Ferista


Kambi ya Mgodi, Kitwe
27 Septemba 1953

Ferista,

Sina salamu.

Mimi nimemzidi huyo mtu umri. Nimeacha nyumbani nikiwa kijana, nimekula vumbi la mawe ili mama apate chumvi, leo nasikia baba yangu ni mtu wa Isoka anayesema mukwai kwa mbuzi. Huku habari imefika. Watu wa kwetu wananiamkia kwa kicheko. Fanueli ameniuliza mbele za watu, "Kaka, mzee wako mpya hajambo?" Nimempiga. Nimekatwa posho ya wiki.

Sikilizeni. Mtu huyo aondoke. Pikipiki itieni shoka, itupeni mtoni, sitaki kusikia imewaka wala imezima. Nyumba haiwezi kupewa mgeni kwa sababu kipofu amesikia mlio. Nyinyi mna macho. Wazee wana macho. Palikuwa na watu wangapi pale, na hakuna hata mmoja wa kumshika mkono bibi kizee?

Nataka kujua jambo moja. Shangazi hatembei bila mtu wa kumwongoza. Nani alikuwa kando yake?

Nikodemo


Tunduma
15 Novemba 1953

Nikodemo,

Mama hajambo. Amevua kaniki. Baba ndiye aliyemvua, mbele ya wazee, na akamnunulia kitenge, na mama alilala siku mbili kama mtu aliyetua mzigo. Jenista ameolewa Ileje. Baba alipokea posa, akawauliza watu wake maswali ambayo mimi nisingethubutu, kama wana maji karibu na kama mume anapiga. Pikipiki inafanya kazi. Mwezi uliopita ilimpeleka mke wa mwalimu kwa waganga wa misheni, tumbo limekwama, akarudi na mtoto.

Naandika "baba" kwa sababu ndivyo anavyoitwa. Usidhani alipenda. Usiku ule ule alifunga mzigo wake arudi Isoka. Mzee Damiano alimfuata njiani akamweleza kwamba ukimbiapo jina, linabaki njiani na kumla mtu mwingine. Akarudi. Kila Jumamosi anauliza kama mwanangu Nikodemo ameandika. Anasema hivyo, "mwanangu", na anaona haya.

Umeuliza nani alikuwa kando ya Shangazi. Ni mimi.

Alinishika kiwiko. Aliniuliza, "Ferista, ndiye?" Nikamjibu, "Pikipiki ni ya baba." Hilo ndilo nililosema, na ni kweli. Asingefika bila kiwiko changu, na kiwiko sikukiondoa. Yaliyobaki utayafikiri upendavyo.

Usinitafutie lawama, ninazo zangu. Tangu uende nimekuwa mwanamume wa nyumba hii bila kuitwa mwanamume. Nimeezeka, nimezika, nimehudhuria mabaraza ya wazee nikiwa nyuma ya mlango. Kila mwaka nimewaambia watu, "Anakuja." Nimesema mpaka mdomo umenuka. Kama ungeniandikia sababu, yoyote, hata ya kipumbavu, ningekaa nayo. Hukuandika. Watu wa Ileje walikuwa wanakung'uta nguo, Nikodemo. Nilikuwa namtazama Jenista kwenye upenyo wa mlango.

Ferista


Kambi ya Mgodi, Kitwe
7 Februari 1954

Kwa Baba Yonasi Sinkala, nyumbani Tunduma. Naambiwa hujui kusoma. Ferista akusomee, na asiruke neno, hasa yale yanayomhusu.

Baba,

Nakusalimu. Nimeliandika neno hilo mara tano kwenye karatasi nyingine na kuzichana. Hii ya sita nimeiacha. Mimi nimekuzidi umri na bado nina hasira na wewe, nataka ulijue hilo kabla hatujaonana. Nina hasira zaidi na huyo anayekusomea.

Amesema ningeandika sababu. Naandika, kwa kuwa mtoto akiulizwa na baba yake hujibu. Huku mtu akiomba ruhusa ya kwenda kwao hupimwa kifua kwanza. Wanapiga picha ya mapafu. Mwenye kifua kibovu hapewi ruhusa, anapewa tiketi ya kurudi kwao, na hapokelewi tena kazini. Mimi kifua changu nakijua tangu kabla baba hajafa. Kila mwaka niliosema nitakuja, nilitembea mpaka mlango wa ofisi, nikakohoa, nikageuka. Nilikuwa na watoto wa kulisha. Sikutaka mama ajue, na sikutaka dada ajue kwa kuwa asingemficha mama. Ndiyo sababu. Amtazame mama akishamaliza kusoma mstari huu, amwambie yeye mwenyewe.

Mwezi huu hawakungoja niombe. Waliniita. Nimepewa tiketi.

Kwa hiyo ninarudi, mimi, Aida na watoto wanne. Kwetu mtoto harudi akajenga anapotaka. Baba humpokea mlangoni, humwonyesha mahali, hupigilia kigingi cha kwanza. Naomba mahali. Kilima sikiwezi, unionyeshe chini, karibu na maji. Ukinikatalia, hakuna mwingine wa kumwomba, mmehakikisha hivyo.

Nilikuwekea sharti la tangi nikidhani utaliharibu, ukalisafisha kwa mnyororo. Hukuliharibu. Hilo nalikubali, mengine bado.

Lori litafika Tunduma Jumatano ya mwisho ya mwezi huu. Aida na watoto wanaweza kutembea mpaka nyumbani. Mimi siwezi. Uje na pikipiki, na uje wewe, usimtume mtu. Hatujaonana, kwa hiyo usihangaike kumtazama kila anayeshuka. Ngoja mpaka wote wawe wamekwisha. Atakayebaki juu ameshika ubavu wa lori, anatafuta pumzi ya kushukia, ndiye mwanao.

Nikodemo